Mlango Uliotundikwa Mbele

Tuseme ukweli mapema ili tusichoshane: siku ile mjinga alikuwa Pima. Si mjinga wa kuzaliwa, wala wa kukosa shule. Alikuwa mjinga wa aina mbaya zaidi, yule anayefanya ujinga wake kwa uangalifu mkubwa, futi mkononi na penseli sikioni, kisha anarudi nyuma hatua tatu kuutazama na kuridhika kwamba umekaa sawa.

Jina la Pima alipewa na wasanii. Kazi yake ilikuwa kutundika picha katika ukumbi wa maonyesho, na pima maji yake, ile rula nene yenye kitone cha hewa ndani ya kioo, haikumtoka kwapani. Walisema hata akilala huiweka juu ya mto ahakikishe kichwa hakijainama. Naye alicheka pamoja nao. Mtu aliyebeba saruji miaka minne, akaanguka na jukwaa la wajenzi akavunjika mbavu mbili, haoni tabu kuchekwa kwa ajili ya picha.

Jumamosi ile alivaa shati jipya, la mikunjo ya dukani bado. Saa kumi alasiri maonyesho ya pamoja ya wasanii tisa yangefunguliwa. Miongoni mwa hao tisa alikuwamo Chiriku, na Chiriku angekuja na wazazi wake, na wazazi wa Chiriku wangemtia Pima machoni kwa mara ya kwanza. Wakimkubali, Jumapili ya wiki inayofuata mjomba wake Pima angekwenda kuposa. Wakimkataa, basi. Chiriku alishamwambia bila kuzunguka.

"Nyumbani mtoto nimebaki peke yangu," alisema. "Siwezi kuolewa kwa kuwatoroka. Tulishatorokwa mara moja, inatosha."

Walimwita Chiriku kwa kuwa hakuwa na maneno. Wasanii ndivyo walivyo, mtu mfupi wao humwita Mnara. Miaka miwili nyuma alikuja ukumbini na picha yake ya kwanza ameifunga kwenye shuka. Pima akampa ncha ya futi.

"Shika hapa. Usiachie."

Hakuachia. Pima alipima, akatoboa, akapiga kulabu, akatundika, akageuka. Binti alikuwa bado ameshika ncha ya futi, anamtazama mikono.

"Unatundika kama mtu anayemlaza mtoto," akasema.

Pima alizunguka na maneno yale wiki nzima. Alikwenda nayo sokoni, akarudi nayo, akaoga nayo. Tangu hapo kila Chiriku alipoleta kazi, kipimo kilichochukua dakika mbili kilichukua nusu saa, na futi ile ikazidi kufupika kila siku, mpaka wakawa wanapima wamesimama bega kwa bega. Wenzake walijitia hamnazo. Walikuwa wakisubiri kadi za harusi.

Sasa turudi Jumanne ya wiki hiyo, siku ya kugawana kuta.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la karatasi. Chumba cha mbele ni kikubwa, chenye mlango wa vioo na ukuta mmoja mrefu mweupe unaokukabili mara tu ukiingia. Nyuma kuna ngazi saba za kushukia chumba cha chini kisicho na dirisha. Wasanii wanakiita Mochari. Katika maonyesho ya pamoja, wasanii ni ndugu mpaka siku ya kugawana kuta. Siku hiyo kila mtu anakumbuka kwamba alizaliwa peke yake.

"Sanamu yangu ina kilo tisini," alisema Mchongaji, jitu la vumbi jeupe hadi kwenye kope. "Haishuki ngazi. Ikishuka, nashuka nayo, na hapo hatupandi tena."

"Picha yangu mimi ina mita mbili na nusu," alisema Mpiga Picha. "Mochari itaingia imekunjwa kama mkeka?"

"Wanangu," alisema Msimamizi, mama wa miwani iliyofungwa kamba shingoni, "ukuta wa mbele ni huu mmoja. Mimi nimeshafunga uzazi, siwezi kuwazalia mwingine."

Wakati wanacheka, Chiriku alisema, "Yangu iwekeni chini."

Wote wakageuka. Hakuna msanii aliyewahi kuiomba Mochari.

Alikuwa ameleta kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mkasi na vibiringo vya uzi juu ya meza. Ya pili ilikuwa kubwa, kimo cha mtoto wa miaka sita, nayo ilikuwa mlango. Mlango tu, umetazamwa kutoka ndani ya nyumba, kwenye korido yenye giza. Ubao wake wa kahawia ulikuwa umechorwa kwa subira hata ungeweza kuhesabu mishipa ya mti. Ulikuwa na makomeo mawili, la chini limefunguliwa, la juu limefungwa. Na chini kabisa, pale mlango na sakafu vinapoachana, palikuwa na ufa wa mwanga wa jioni wenye rangi ya chai, na katika ufa ule ncha ya kiatu cha mikanda.

"Mkasi ukae mbele," Chiriku alimwambia Pima. "Mlango uwe chini. Nyuma ya nguzo."

"Nyuma ya nguzo? Hapo hata mimi ninayefagia sipaoni."

"Vizuri."

"Chiriku, mimi nimetundika picha humu miaka sita. Hii ndiyo inayozishinda zote. Unaificha kama sufuria iliyoungua."

"Pima." Alimtazama, na macho yake yalikuwa na ombi ambalo mdomo haukulitoa. "Chini. Nyuma ya nguzo. Tafadhali."

Akaitundika chini, nyuma ya nguzo. Lakini moyoni alikuwa na maelezo yake: ni haya. Binti wa watu ana haya, hajui thamani yake. Kwa kuwa alimpenda, alidhani anamjua.

Ijumaa jioni, wasanii wote wameshaondoka, simu ikalia. Kioo cha picha ya Mpiga Picha kilikuwa kimepasuka ndani ya gari. Kazi yake isingeletwa. Ukuta wa mbele ukabaki na pengo la mita tatu, jeupe, limekodoa.

"Jaza unavyoona, Pima," alisema Msimamizi akitafuta funguo zake mkobani. "Macho yako nayaamini. Mimi kichwa kinaniuma."

Hapo ndipo ujinga ulipovaa shati jipya. Pima alikumbuka kwamba mama yake Chiriku ana magoti mabovu na hapandi wala hashuki ngazi. Akafikiri, maskini mama wa watu, atakuja mpaka hapa, ataona mkasi, na picha kubwa ya mwanawe itabaki chini ya miguu yake asiione. Haiwezekani. Na mkwe mtarajiwa yupo?

Akashuka, akaubeba mlango kifuani, akapanda nao ngazi saba.

Kwa kawaida katikati ya picha hukaa sentimita mia na hamsini kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Pima hakufanya hivyo. Alileta kiti cha mikono kutoka ofisini, akakiweka mbele ya ukuta, akapima kutoka kwenye kiti, akaiteremsha picha hadi ikae sawasawa na macho ya mwanamke mfupi aliyekaa. Kisha akapanda ngazi ya mbao, akainamisha taa moja iangaze sehemu ya chini, pale kwenye ufa, maana jicho la aliyekaa ndipo lingeanzia.

Akakaa mwenyewe kitini kujaribu.

Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alikaa pale, jengo zima limenyamaza, na kwa kitambo kidogo alihisi kwamba anatakiwa kuinuka akamfungulie mtu. Akajicheka. Lakini alizima taa haraka kuliko kawaida yake, na alipokuwa anatoka hakuugeuzia ukuta ule mgongo.

Saa kumi na robo Jumamosi, ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa mjini walikuja na bilauri za juisi na sauti za kujua. Mchongaji alisimama karibu na sanamu yake kama mzazi siku ya matokeo. Akamvuta Pima kando.

"Hebu tazama pale mbele."

"Kuna nini? Imependeza."

"Tazama watu. Wanasimama kushoto, wanasimama kulia. Hakuna anayesimama katikati."

Ilikuwa kweli. Mbele ya mlango pamebaki njia tupu, pana kiasi cha mtu mmoja, kutoka kwenye picha hadi mlango wa vioo. Hakuna aliyewaambia. Walifika, wakatazama, sauti zao zikapungua, kisha wakajisogeza pembeni.

"Wanapisha," alisema Mchongaji.

"Wanampisha nani?"

"Mimi nachonga mawe, bwana. Usiniulize mambo ya roho."

Ndipo Chiriku akaingia. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha buluu, na Pima aliyejipanga kuwa mtu mzima siku hiyo akasahau mikono yake iwekwe wapi. Baba yake alibaki nje kizingitini. Alikuwa na duka la dawa, na kila alipokwenda palikuwa na mtu wa kumsimamisha amnong'oneze habari za kikohozi cha mkewe. Ni mrefu, sauti ya chini, uso wa mtu aliyezoea kuwekeshwa siri. Mama alitangulia na mkongojo wake, na Chiriku, kabla hajatazama kuta, akageukia meza ya kando ya mlango kuandika majina yao watatu kwenye kitabu cha wageni.

Pima akamdaka mama njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa misumari?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nasikia unatundika vizuri. Kwangu pazia limeinama mwaka wa tatu huu. Mume wangu anasema ni macho yangu." Akamkagua kuanzia viatu kupanda juu, bila haraka, kama anayempima suruali. Si ajabu, alikuwa fundi cherehani. "Shati hili halijapigwa pasi."

"Ni jipya, mama."

"Jipya nalo hupigwa pasi." Lakini alitabasamu, na tabasamu lile Pima alilijua, lilikuwa la binti yake. Moyo ukamjaa. Akampa mkono.

"Njoo, mama. Nimekuwekea kiti. Mahali pazuri kuliko pote humu ndani."

Akampitisha katika ile njia tupu, akamketisha. Mama akashusha pumzi, akaegemeza mkongojo, akainua macho.

Chiriku alikuwa bado ameshika kalamu ya kitabu cha wageni alipogeuka.

Pima alizijua namna zote za kutazamwa na Chiriku. Kulikuwa na ile ya kuiba, ile ya kununa, ile ya jioni wakati wa kuagana ambayo ilimfanya apitishe kituo chake cha basi. Hii haikuwa mojawapo. Macho yake yalikwenda kwenye picha, yakaenda kwenye kiti, yakarudi kwake, na rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kilichokamuliwa. Akaja, akamshika mkono wa shati.

"Njoo chini."

"Subiri kwanza, mama ndiyo kwanza ame..."

"Chini!"

Walishuka. Mochari ilikuwa tupu, watu wote walikuwa juu. Chiriku akamgeukia.

"Nani kakuambia uihamishe?"

"Kioo cha Mpiga Picha kilipasuka, pengo likabaki, nikaona..."

"Nani, Pima?"

"Mimi. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka mama aione. Kwa ajili ya magoti yake, nikajua huku hawezi kushuka."

"Na mimi nilijua hawezi kushuka!" Sauti ilimkatika katikati. "Unadhani kwa nini nilisema chini?"

Pima akatazama nyuma ya nguzo, pale kulabu ilipobaki tupu.

"Dada yangu," alisema Chiriku.

"Aliyemfuata yule dereva? Ambaye baba hakumtaka?"

"Huyo. Alirudi."

"Uliniambia hakurudi."

"Nilikuambia wanachosema nyumbani. Baba anasema hakurudi, mama anaamini. Anaamini mwaka wa kumi na tatu huu." Alikuwa anaongea haraka sasa, yule asiye na maneno, kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni. "Ilikuwa siku ya tatu tangu aondoke. Jioni, mvua kubwa. Mama amelala. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimesimama kwenye korido na daftari langu la hesabu. Akabisha. Baba akatoka sebuleni bila viatu. Nikajua anakwenda kufungua. Nikafurahi, Pima. Nikafunga daftari. Akanyoosha mkono, akalisukuma lile komeo la juu. Polepole, lisilie. Kisha akasimama pale pale mpaka miguu ikaondoka."

"Akakuona?"

"Aligeuka akaniona."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ni upepo.'"

Juu yao nyayo za watu zilipita, zikasimama, zikapita.

"Na wewe?"

"Nikasema ndiyo, baba. Nimekuwa nikisema ndiyo, baba mpaka leo."

Pima alitaka kumshika. Mkono ulinyanyuka wenyewe, na Chiriku akarudi nyuma nusu hatua. Nusu hatua ile ilimuuma kuliko mbavu mbili.

"Sasa kwa nini uliichora?"

"Kwa sababu kila nilichochora kilikuwa kinageuka mlango. Nilitaka initoke. Ikae mahali, iwe na namba ukutani, watu wasionijua wapite, waseme mlango mzuri, waende zao. Nyumbani isingekaa. Kwa rafiki isingekaa. Nikasema ukumbini itakaa, kati ya kazi za watu wanane, kule nyuma ya nguzo. Nikasema Pima ndiye anayetundika. Pima atanitunzia."

"Mama hawezi kujua," alisema Pima, na alijisikia akiomba. "Sikiliza. Ni mlango. Hakuna mtu, hakuna mkono. Makomeo yapo kila nyumba."

"Kuna kiatu."

"Ncha tu, giza, nani ataiona?" Macho yakampanda darini. Alikuwa amekumbuka taa.

"Nini?"

"Nimeiwekea taa. Pale chini. Ili mama..."

Chiriku akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nakwenda kuizima," alisema Pima. "Nitasema umeme una hitilafu. Namhamishia mama kiti kwenye mkasi. Nampelekea juisi. Dakika moja. Chiriku, nitazame. Niambie tu kama mimi na wewe tumekwisha."

"Saa hii unaniuliza habari zetu?"

Alishaanza kupanda ngazi. Pima akamfuata, na kila ngazi ilikuwa na urefu wa mbili.

Walikuwa wamechelewa. Mama hakuwa kitini. Alikuwa amesimama katikati, pale ambapo hakuna mtu aliyesimama alasiri nzima, ameinama bila mkongojo, uso wake shubiri moja kutoka kwenye picha. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana taratibu, kama vya mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Watu walikuwa wamesogea mbali naye.

"Mama, samahani, tafadhali usiguse," alisema Msimamizi kwa upole.

"Sigusi, mwanangu. Ninasoma." Hakugeuka. "Chiriku yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Kiatu hiki kina mshono wa kijani kwenye ukanda. Nani kakufundisha mshono huu?"

"Ni wako, mama."

"Ni wangu. Niliushona mara moja tu maishani mwangu, asubuhi ile aliyoondoka dada yako. Ukanda ulikatika, nikakosa uzi mweusi. Akacheka, akasema, mama, watu watanijua kwa mbali." Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Kiatu kilitoka kwangu na uzi huu. Wewe umekionaje chini ya mlango? Kilirudi lini?"

Chiriku akageuza macho kwenye mlango wa vioo, alikokuwa baba yake.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Haya, tumeona vya kutosha." Ilikuwa sauti ya baba, ya chini, ya adabu. Alikuwa anakuja katika njia ile tupu akijifuta mikono kwa leso. "Mke wangu, magoti yako hayataki kusimama hivi. Twende..."

Ndipo alipoiona. Leso ikasimama. Alitazama makomeo, akatazama ufa.

"Picha nzuri," alisema baba.

"Komeo la juu," alisema mama, "mimi silifikii. Hata nikipanda kibao. Na mtoto wa miaka kumi halifikii."

"Wasanii hutunga, mke wangu. Ndiyo kazi yao."

"Chiriku, ilikuwa siku gani?"

"Mama, twende tukaongee nje."

"Siku gani?"

"Siku ya tatu," alisema Chiriku. "Siku ya mvua."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayejumlisha.

"Siku ya mvua ulinipa vidonge viwili," alimwambia mumewe. "Nililala saa kumi na moja jioni, nikaamka kesho yake."

"Ulikuwa na homa."

"Nilikuwa na machozi."

Hakuna aliyekuwa anajifanya tena anatazama picha nyingine. Mahali fulani bilauri iliwekwa chini kwa uangalifu mkubwa.

"Alibisha mara ngapi?" mama alimuuliza bintiye.

"Mara tatu."

"Akaondoka?"

"Kwanza aliita."

"Alimwita nani?"

Chiriku akamtazama baba yake, halafu akaacha kumtazama. "Alikuita wewe, mama."

Mama hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Alitafuta mkono wa kiti bila kutazama, akaushika, vidole vikawa vyeupe.

Pima hakuweza kuvumilia. Akajitosa katikati yao, shati la mikunjo na yote.

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu. Yeye alisema iwekwe chini, mahali isipoonekana. Ni mimi niliyeileta mbele. Nikaweka kiti, nikaweka na taa. Kama kuna wa kulaumiwa..."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayetundika. Na ndiye ambaye mjomba wake alikuwa aje kwako Jumapili ya wiki ijayo."

Uso wa baba ukapata mahali pa kushika. Mtu anayezama akipata ubao hushukuru, hata kama ubao wenyewe ni kijana wa watu.

"Ishushe."

Pima akashika fremu. Miaka sita, na hii ingekuwa kazi ya sekunde nne. Lakini mikono haikuinua. Akageuza kichwa.

"Chiriku. Niishushe?"

Alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoingia kumtazama yeye Pima, si mkosaji. Machozi yalikuwa yanashuka sasa bila kelele, naye hakuyafuta.

"Iache," alisema.

Pima akaachia fremu, akasimama pembeni yake.

"Nimesema ishushe!" Hakuna mtu mjini aliyewahi kusikia sauti ya mzee wa duka la dawa ikipanda hivyo. Hata yeye mwenyewe ilimshtua.

"Haitashushwa, mzee," alisema Msimamizi, na miwani yake ilikuwa inatikisika kwenye kamba. "Wasanii tisa wametia saini. Kazi haitoki ukutani kabla ya siku ya mwisho."

Baba akageuka kwa wageni, akaona nyuso, akageuka tena. Alikuwa anapumua kwa pua. Kidole chake kilipanda hadi kikasimama mbele ya kifua cha Pima.

"Sikia, kijana. Mimi nimewalea hawa. Nimewavisha, nimewatibu, nimewafichia aibu ambayo hawakuweza kuibeba. Wewe umekuja na misumari yako umenianika mbele ya watu, halafu unataka mke kwangu? Mjomba wako asisumbuke. Si Jumapili hiyo, si Jumapili yoyote. Maadamu mimi ni hai, wewe hukanyagi nyumbani kwangu!"

Mama aliokota mkongojo wake.

"Basi tuko wawili tusiokanyaga," alisema.